Casa Carmela, Valencia: Hapa Wali Ndio Mwenye Nyumba

Nianze na hukumu kabisa, maana subira ya kuificha hadi mwisho sina. Kama wewe ni mtu wa wali, mtu anayeweza kuula Jumatatu hadi Jumapili na bado asichoke, basi kuna mgahawa ufukweni Valencia, mashariki mwa Hispania, ambao huna budi kuufikia walau mara moja maishani. Unaitwa Casa Carmela. Ulianza mwaka 1922, uko mikononi mwa kizazi cha nne cha familia, na kazi yake kubwa ni moja: kupika paella kwa kuni. Nimekula hapo kwa mara ya kwanza Jumapili iliyopita, na naandika haya mbiombio kabla ladha haijanitoka mdomoni. Ni tamu! Ni tamu kupita nilivyosimuliwa, na nilikuwa nimesimuliwa mengi.

Sifa zikitangulia sana, mara nyingi mgeni huishia kula sifa. Hapa nimekula chakula. Tena chakula chenye msimamo, chenye watu nyuma yake wanaojua wanachokitaka na wasiokitaka. Wali wa Casa Carmela haujawekwa sahanini ili nyama ipate pa kukaa. Wali ndio mwenye nyumba. Kuku, sungura, maharage, nyanya, zafarani, hata moto wenyewe, vyote vimeitwa kuja kuuhudumia. Ukishalishika hilo, kila unachokiona pale, kuanzia upana wa kikaango hadi ukimya wa mpishi mbele ya moto, unakielewa sababu yake.

Mgahawa uko mtaa wa Isabel de Villena, kule ufukwe wa Malvarrosa unakokaribia kukutana na wa Patacona. Bahari iko hatua chache tu kutoka mlangoni. Jirani kabisa, mtaa huohuo, ipo nyumba ya ufukweni ya mwandishi Vicente Blasco Ibáñez, ambayo leo ni makumbusho. Yeye ndiye aliyeandika riwaya ya Cañas y barro mwaka 1902, kuhusu wavuvi na wakulima wa mpunga wa ziwa la Albufera, kusini kidogo ya jiji. Mchoraji Joaquín Sorolla naye, mzaliwa wa Valencia, aliuchora ufukwe huu mara nyingi, na ukisimama pale saa nane mchana, jua likimwagika juu ya maji na mchanga, unaelewa mara moja kwa nini hakuchoka. Nilidhani nitatumia muda mrefu kuitazama bahari. Sikuitazama. Harufu ilinivuta ndani.

Jamani, harufu ile! Si ule moshi mzito wa kuni mbichi unaotia machozi. Ni moshi mwepesi, mkavu, wenye utamu fulani kwa mbali. Ni kuni za mchungwa. Valencia imezungukwa na mashamba ya michungwa, na miti hiyo hupogolewa kila mwaka, kwa hiyo matawi yapo tele. Yakikaushwa vizuri hutoa mwali mkali na safi, kisha makaa yanayodumu. Ndiyo sababu wapishi wa paella wa jimbo lote huyaheshimu. Wengine wengi wamehamia kwenye gesi, na siwalaumu, maana moto wa kuni ni kazi ya jasho na macho. Casa Carmela hawakuhama.

Jiko halijafichwa. Vikaango vimepangwa juu ya moto, kila kimoja na moto wake, na mpishi anatembea kutoka kimoja hadi kingine. Hana kitufe cha kuzungusha. Akitaka mwali upande, anaongeza vijiti vyembamba. Akitaka upungue, anavuta ukuni mmoja nje na kuyatawanya makaa yake pembeni. Nilimtazama akifanya hivyo bila haraka, jicho likienda kwenye mapovu ya supu, kisha kwenye mwali, kisha kwenye mapovu tena. Uzuri wa moto wa kuni ni kwamba unaenea chini ya kikaango chote, katikati na kingoni, na ndimi zake zinapanda kando kando na kuulambisha wali moshi. Jiko dogo la gesi la nyumbani huchoma katikati na kuacha kingo zikiwa baridi. Tofauti hiyo unaila.

Sasa kikaango chenyewe. Ni chuma chembamba, kipana mno, kifupi kwa kimo, chenye mishikio miwili. Ule wembamba wa chuma una kazi: kinapata moto upesi na kupoa upesi, kwa hiyo mpishi akigusa kuni, wali unajua papo hapo. Upana nao una kazi. Supu ikitandazwa eneo kubwa hivyo, maji hupaa haraka na ladha hubaki imekolea. Na mchele ukitandazwa eneo kubwa hivyo, kila punje inapata nafasi ya kugusa chuma au kukaribia. Ndiyo maana wali wa Casa Carmela una kina kidogo cha kushangaza. Haufikii unene wa kidole. Ukiuona mara ya kwanza utajiuliza, hiki kweli kitamshibisha nani? Tulia. Kikaango ni kipana, nawe utashiba mpaka uombe msamaha.

Tuliagiza paella ya Kivalencia yenyewe, ile ya nchi kavu, na tuliiagiza siku tulipoweka nafasi ya meza. Fanya hivyo nawe, maana hiki si chakula cha kupashwa. Viungo vyake vya msingi vinajulikana na vinahesabika: mafuta ya zeituni, kuku, sungura, maharage mabichi mapana ya maganda wanayoyaita ferradura, maharage makubwa meupe ya jamii ya fiwi wanayoyaita garrofó, nyanya, mchele, maji, zafarani na chumvi. Kumi basi. Wengine huongeza unga wa pilipili tamu nyekundu, kitawi cha rozimari, au konokono wa shambani msimu wake ukifika. Watu wa Valencia wanaijadili orodha hii kwa uzito ambao wengine huuweka kwenye katiba. Mwaka 2016 mpishi Mwingereza Jamie Oliver alipotangaza mapishi ya paella yenye soseji ya chorizo, mitandao ya Hispania iliwaka moto kwa siku kadhaa. Na mwaka 2021 serikali ya jimbo la Valencia iliitangaza rasmi paella kuwa urithi wa kitamaduni unaostahili kulindwa. Kabla ya kula hapa niliona ni ukali uliopitiliza. Baada ya kula, niko upande wao moja kwa moja!

Kwa sababu sikiliza inavyopikwa. Mafuta yanapashwa, chumvi inatiwa, kisha vipande vya kuku na sungura vinakaangwa polepole hadi viwe na rangi ya dhahabu iliyokolea. Hatua hii haiharakishwi hata kidogo. Pale ndipo ladha ya supu inapozaliwa. Yanafuata maharage, kisha nyanya iliyokunwa, ambayo inakaangwa hadi ikauke na kuwa nzito. Maji yanamiminwa, yanachemka taratibu mpaka yageuke supu. Zafarani inaingia. Mwisho kabisa ndipo mchele unaponyunyizwa, unasambazwa sawasawa, na kuanzia hapo mwiko unawekwa kando. Hakuna kukoroga! Moto unakuwa mkali dakika za mwanzo, kisha unashushwa, na kwa kama dakika 18 hadi 20 mpishi hana silaha nyingine isipokuwa kuni zake. Akikoroga, wanga wa mchele unaachia na wali unakuwa bokoboko. Asipokoroga, kila punje inabaki na heshima yake.

Na punje zenyewe ni fupi na nene, tofauti kabisa na mchele mrefu tuliouzoea kwenye pilau. Wakulima wa Valencia wana aina zao wanazozionea fahari. Bomba hunywa supu nyingi bila kupasuka. Senia hushika ladha vizuri zaidi lakini haimsamehi mpishi mzembe, na ile inayoitwa albufera imezaliwa kwa kuchanganya sifa za hizo mbili. Kazi ya mchele wa paella si kunukia wenyewe. Kazi yake ni kunywa. Unainywa ile supu ya kuku, nyanya, zafarani na moshi mpaka tone la mwisho, kisha unakurudishia yote kwa mkupuo mmoja mdomoni.

Wakati tunasubiri tulipewa vitangulizi, navyo sitavipita kimya. Esgarraet ni pilipili hoho nyekundu zilizochomwa na kuchanwa kwa mkono, zikachanganywa na samaki wa chumvi, vitunguu saumu na mafuta ya zeituni. Chumvi ya samaki na utamu wa hoho vinashikana vizuri ajabu, na mkate wetu uliisha kwa kupangusia mafuta. Zikaja tellina, chaza wadogo wa mchangani walio kama ukucha wa kidole gumba, waliopitishwa motoni kwa muda mfupi tu. Unawafungua, unafyonza, unatupa ganda, unachukua mwingine. Mezani hakuna aliyezungumza.

Halafu ikaja.

Mhudumu aliileta paella nzima kwanza ili tuione, kikaango kikiwa bado kinafuka. Nataka uione nawe. Rangi yake si ile njano ya kung'aa inayotoka kwenye pakiti ya rangi ya unga; ni kahawia ya dhahabu, nzito, yenye madoa meusi kidogo kingoni ambako moto ulipanda. Wali umekauka juu, umejipanga chembe kwa chembe, na maharage makubwa meupe yamejitokeza humo yakiwa yamefura kwa supu. Vipande vya nyama ni vya kiasi, na mpishi hakuvirundika. Vimetawanywa ili kila upande upate wake. Kikaango kikawekwa katikati ya meza, tukapewa vijiko vya mbao, na sahani hazikuwa na kazi tena.

Unaanzia ukingoni kwako, unakwenda kuelekea katikati, na sehemu ya jirani huigusi. Ni adabu ileile ya watu waliozunguka sinia la pilau arusini: kula mbele yako. Nilijisikia nyumbani papo hapo, na sikutarajia kujisikia hivyo kwenye mgahawa wa Ulaya wenye vitambaa vya meza.

Kijiko cha kwanza. Nini hiki! Punje zinaachana, ila zina unyevu. Kiini chake kina ugumu kidogo unaokaribisha jino. Kwanza inakuja ladha ya kuku aliyekaangwa hadi kukolea, kisha nyanya iliyogeuka tamu, kisha zafarani, ambayo haipigi kelele, na nyuma ya yote moshi wa mchungwa unaobaki puani hata ukishameza. Harage la garrofó linayeyuka kama siagi. Sungura ni laini kuliko nilivyodhani inawezekana. Lakini kila mara nilijikuta nikisukuma nyama kando nipate wali zaidi. Mimi! Mtu wa kugombea finyango tangu utotoni! Hapo ndipo nilipojua mgahawa huu umenishinda.

Na bado hatujafika chini. Chini kuna ukoko.

Watu wa Valencia wanauita socarrat, na ndio mtihani wa mpishi. Supu ikishakwisha yote, yale mafuta na wanga vilivyobaki huanza kukaangika kwenye chuma. Mpishi huongeza mwali kidogo mwishoni, kisha anasikiliza. Mlio wa kuchemka hugeuka kuwa mlio mkavu wa kukatika katika, na kutoka hapo ana muda mfupi sana: akiondoa mapema, hakuna ukoko, akichelewa, kuna mkaa. Ule tuliopewa ulikuwa mwembamba mno, wa rangi ya karameli, umetanda karibu chini yote kutoka ukingo hadi ukingo. Unaukwangua kwa ncha ya kijiko cha mbao, unatoka kipande kizima, unavunjika mdomoni kwa mlio. Una chumvi, una utamu, una uchungu mdogo kabisa wa moto. Kwetu ukoko ni zawadi ya watoto na wapishi waliobaki jikoni. Hapa umepewa kiti cha mbele, na kila mtu mzima mezani aliinama kukwangua sehemu yake bila haya. Naapa sijawahi kula ukoko wa namna hii.

Tena utamu huu una mizizi. Waislamu walioitawala Valencia kuanzia karne ya 8 hadi Mfalme Jaume I wa Aragon alipouteka mji mwaka 1238 ndio walioimarisha kilimo cha mpunga na cha umwagiliaji katika bonde hili. Mifereji ya mto Turia ingali inapeleka maji kwenye mashamba ya mboga yanayouzunguka mji, na kila Alhamisi saa sita mchana waamuzi waliochaguliwa na wakulima wenyewe hukaa mbele ya Mlango wa Mitume wa kanisa kuu kusuluhisha kesi za maji, kwa mdomo tu. UNESCO iliiorodhesha mahakama hiyo mwaka 2009. Watawala wa Kikristo walijaribu mara kadhaa kuuzuia mpunga karibu na mji kwa hofu ya malaria, lakini mpunga ukabaki, hasa kuzunguka Albufera. Paella ilizaliwa huko mashambani: mchele uliopo, kuku au sungura aliyepo, maharage ya msimu, kuni zilizopo, na kikaango kimoja kwa wote. Casa Carmela inakupa mlo huo wa mkulima bila kuupamba, na uthubutu wa kutokuupamba ndio ninaoupigia makofi.

Kwa sababu mwenye jina angeweza kulegea. Katika miji ya watalii nimeona paella za kutia huruma: wali wa rangi kali, umerundikwa kama kichuguu, umelowa, kamba wawili wamelazwa juu kwa ajili ya picha. Casa Carmela wana foleni ya watu wanaoomba meza. Wangeweza kujaza vikaango, kupika asubuhi na kupasha mchana, na wengi wetu wageni tusingejua. Badala yake wanaendelea kuwasha moto mmoja kwa kikaango kimoja kwa meza moja. Huo ndio ukarimu ninaoutafuta kila ninapoingia mgahawani, na mara nyingi siupati.

Sasa mambo ya kujua kabla hujaenda. Nenda mchana. Kwa Mvalencia paella ni chakula cha mchana, hasa Jumapili, na meza hujaa kuanzia kama saa nane. Weka nafasi mapema, na sema siku hiyohiyo unataka wali gani. Nendeni watu wanne au zaidi, maana kikaango kikubwa ndicho chenye raha. Kutoka Madrid treni ya mwendo kasi inafika Valencia kwa muda wa chini ya saa mbili, na tramu namba 4 itakusogeza hadi ufukweni. Kwa wasiokula nguruwe: paella ya Kivalencia haina nguruwe kati ya viungo vyake vya msingi. Kwa wanaokula nyama halali pekee, upo wali wa baharini, kama arroz a banda unaopikwa kwa supu ya samaki, au ule wa senyoret ambao kamba na chaza wake wamekwisha menywa; uliza tu mapema kama kuna divai kwenye supu. Bei si ya mama ntilie, lakini mkigawana kikaango haiumizi kama ulivyoogopa.

Mkimaliza msikimbilie kitandani. Tembeeni ufukweni kuelekea kaskazini, upande wa Alboraya, mji uliopakana na jiji, ambako hulimwa chufa, punje za mizizi za mmea wa jamii ya ndago. Wanazisaga na kutengeneza horchata, kinywaji cheupe kama maziwa, kitamu, cha baridi kali. Baada ya moshi na ukoko, bilauri moja ya horchata ni starehe tupu.

Je, nina lolote la kulalamikia? Nimetafuta, nimekosa. Nimekula wali wa harusi, wa matanga, wa Idi, wa Krismasi na wa barabarani, na nilidhani mchele hauna tena cha kunifundisha. Casa Carmela imenifundisha kwamba wali unaweza kusimama peke yake katikati ya meza ya watu wazima, ukiwa na kina cha chini ya kidole, na ukawanyamazisha wote. Anayepanga safari ya Hispania aanze kupanga kutoka meza hii, kisha mengine yafuate. Na mkifika, nyama mwachieni mwenye kuitaka. Nyinyi kwangueni chini!